Moto wa Triangle, New York 1911: Sheria za viwanda hazikuletwa na watakatifu, zililetwa na mafisadi wa Tammany Hall

#1 Mleta uzi

Wakuu, heshima kwenu.

Humu jukwaani ikiguswa Marekani ya mwanzo wa karne ya 20, hadithi huwa ni moja. Waandishi wakafichua uozo, Rais Theodore Roosevelt akawakalia kooni matajiri wa reli na mafuta, mwaka 1906 zikapita sheria za nyama na dawa, nchi ikakaa kwenye mstari. Yote hayo yalitokea, sibishi. Ninachobisha ni ile picha ya watu safi, wasomi, wenye roho nzuri, wakiwashinda wanasiasa wachafu. Katika jimbo la New York kazi kubwa ya kubadili sheria za viwanda ilifanywa na wanasiasa wachafu wenyewe, tena baada ya kupiga hesabu ya kura.

Nitapitia tukio moja tu. Uzi ni mrefu, mwenye haraka aweke alama arudi baadaye.

Jumamosi, Machi 25, 1911, saa kumi na dakika arobaini jioni. Jengo la Asch, ghorofa kumi, kona ya Washington Place na Mtaa wa Greene, Manhattan. Kampuni ya Triangle, iliyokuwa ikishona blauzi za kike, ilipanga orofa tatu za juu: ya 8, ya 9 na ya 10. Wafanyakazi kama 500, wengi wasichana wa Kiyahudi na wa Kiitaliano waliohamia na familia zao. Wenye kampuni, Max Blanck na Isaac Harris, nao walikuwa wahamiaji walioanzia chini kabisa, na kufikia hapo mjini walikuwa wakiitwa wafalme wa blauzi.

Moto ulianzia orofa ya 8, kwenye sanduku la vipande vya vitambaa chini ya meza ya kukatia. Orofa ya 8 wakapiga simu kwa mabosi orofa ya 10. Mabosi wakapanda juu ya paa, wakavukia jengo la jirani la Chuo Kikuu cha New York, ambako wanafunzi waliwashushia ngazi. Orofa ya 9 hawakuambiwa na mtu. Walipojua, moto ulikuwa tayari unaingia madirishani.

Kulikuwa na ngazi mbili za ndani. Ile ya upande wa Greene ilizibwa na moto mapema. Mlango wa upande wa Washington Place ulikuwa umefungwa kwa ufunguo. Kisa? Ili jioni wasichana wote watokee mlango mmoja, mikoba ikaguliwe wasije wakaondoka na blauzi. Baadaye mahakamani Harris aliulizwa wizi huo umewahi kufikia thamani gani, akakubali kwamba hauzidi dola 25.

Ngazi ya chuma ya nje ilikunjamana kwa uzito na joto, ikamwaga watu chini. Gari la zimamoto lilifika haraka, lakini ngazi yake ndefu kuliko zote iliishia orofa ya 6. Nyavu za kudakia watu zikapasuka, maana waliruka wawili watatu wameshikana. Waliookoa wengi ni vijana wawili wa lifti, Joseph Zito na Gaspar Mortillaro, waliopanda na kushuka hadi lifti zikagoma.

Waliokufa ni 146. Wanawake na wasichana 123, wanaume 23. Kuanzia cheche ya kwanza hadi moto kudhibitiwa haikufika hata saa moja. Jengo lenyewe halikuanguka, lilijengwa kwa vifaa visivyoshika moto. Liko hadi leo, ni mali ya chuo kikuu kilekile.

Naendelea chini.

#2 Mleta uzi

Kabla hatujafika bungeni, kitu cha kuelewa: sehemu kubwa ya hayo ilikuwa halali kisheria.

Sheria ya kazi ya jimbo ilisema milango ya kiwanda ifunguke kwa nje "pale inapowezekana". Ngazi zilikuwa nyembamba kiasi kwamba mlango ukifungukia nje unaziba njia, basi ikahesabiwa haiwezekani. Jengo la ukubwa ule lilitakiwa liwe na ngazi tatu. Mchoraji ramani akajenga mbili, akaomba ile ya chuma ya nje ihesabiwe kuwa ya tatu, na jiji likapokea. Mabomba ya kunyunyiza maji kutoka darini yalikuwepo sokoni, ila hakuna aliyelazimishwa kuyafunga. Mazoezi ya kutoka wakati wa moto, hakuna aliyelazimishwa kuyafanya. Mkuu wa zimamoto wa jiji, Edward Croker, alikwisha kuonya kwamba vifaa vyake haviwezi kupigana na moto juu ya orofa ya 7.

Kosa la wazi kisheria lilikuwa ule ufunguo. Blanck na Harris walishtakiwa kwa kuua bila kukusudia, kesi ikaanza Desemba 1911. Wakili wao, Max Steuer, mwenyewe mtoto wa mhamiaji aliyewahi kufanya kazi ya nguo, alifanya jambo ambalo hadi leo wanasheria wanalisimulia. Shahidi Kate Alterman alieleza alivyomwona mwenzake Margaret Schwartz akihangaika na mlango ule hadi moto ukampata. Jopo la raia waliokuwa wakiamua kesi likalia. Steuer hakumfokea. Alimwomba asimulie tena. Akasimulia. Akamwomba tena. Maneno yakatoka karibu yaleyale, na Steuer akawa amefika alikotaka: jopo lione binti kakaririshwa. Jaji naye akawaelekeza kwamba ili kuwatia hatiani ni lazima waridhike kuwa wenye kiwanda walijua mlango umefungwa saa ileile. Desemba 27 wakaachiwa huru.

Mwaka 1913 Blanck alikamatwa tena kwa kufunga mlango wa kiwanda kingine wakati wa kazi. Faini dola 20. Mwaka 1914 kesi za madai zikamalizwa nje kwa dola 75 kwa kila marehemu. Kwa upande mwingine, bima iliwalipa zaidi ya hasara waliyoweza kuthibitisha. Ziada ile ukiigawa kwa marehemu 146, inafika kama dola 400 kwa kila mmoja.

#3 Mchangiaji

Mimi ni fundi cherehani, nimesoma hiyo #1 mwili umenisisimka. Watu wasiofanya kazi hii hawajui vipande vinavyowaka. Kitambaa chepesi cha pamba kikikatwa tabaka kwa tabaka, mabaki yake yana hewa katikati. Ni kama umepanga kuni ukapulizia. Hapo ongeza mafuta ya cherehani sakafuni na karatasi za pateni zinazoning'inia juu ya meza. Swali langu: vile vipande vilikuwa vinazolewa kila siku?

#4 Mleta uzi

Dada, havikuzolewa kila siku. Vilikuwa na mnunuzi wake, mfanyabiashara wa matambara, aliyekuja kuvichukua kila baada ya wiki kadhaa. Mara ya mwisho kabla ya moto ilikuwa Januari, akaondoka na kama tani moja. Toka Januari hadi mwisho wa Machi piga hesabu mwenyewe kilichokuwa chini ya meza. Na karatasi za pateni ni kweli, zilitundikwa kwenye waya juu ya meza za kukatia, moto ukapanda nazo. Sigara ilikatazwa, lakini wakataji walikuwa wanaume, ndio mafundi wa kutegemewa, nani awaguse.

#5 Mchangiaji

Hawa wafanyakazi hawakuwa na chama?

#6 Mleta uzi

Hapo ndipo pachungu. Novemba 22, 1909, ukumbi wa Cooper Union ulijaa washonaji. Samuel Gompers, kiongozi mkuu wa vyama vya wafanyakazi, alikuwa jukwaani. Hotuba zikawa ndefu, za tahadhari, subirini kidogo, tafakarini kidogo. Binti mmoja aitwaye Clara Lemlich, aliyekwisha kupigwa na wahuni waliokodiwa kuvunja migomo, akaomba kusema. Akasema kwa Kiyidi kwamba amechoka kusikiliza, anataka mgomo wa jumla. Ukumbi mzima ukanyoosha mikono ukaapa. Ndio mgomo unaoitwa wa watu 20,000. Hata wanawake wa kitajiri, akina Anne Morgan, binti wa tajiri wa benki J.P. Morgan, walikuja kusimama nao barabarani ili polisi waone aibu kupiga.

Kufikia Februari 1910 viwanda vingi vilikwisha kusaini na chama. Triangle, ambayo mgomo wake ndio uliochochea wote, ilikataa kukitambua. Miongoni mwa yaliyodaiwa kwenye migomo ile ni milango isifungwe na ngazi za moto ziwe za maana.

Polisi waliowakamata mabinti wale mitaani, na mahakimu waliowatoza faini, walikuwa chini ya nani? Tammany Hall. Sasa ndio tunaingia kwenye mada.

#7 Mleta uzi

Tammany Hall ni nini, kwa wasioijua. Kilikuwa chama ndani ya chama, ndio mtandao wa Democrats jijini New York. Kiliongoza jiji kwa vipindi virefu tangu karne ya 19. Chini kabisa kulikuwa na watu wa mtaa, kazi yao inafanana sana na balozi wa nyumba kumi wa enzi ya chama kimoja kwetu: anajua nani kafiwa, nani kafukuzwa kazi, mtoto wa nani kalala rumande. Tofauti ni kwamba huyu wa New York alikuja na makaa ya mawe, na kuku wa Krismasi, na barua ya kazi ya udereva wa gari la farasi la jiji. Siku ya uchaguzi anapita nyumba zilezile. Juu huko wakubwa walikuwa wanakula zabuni, viwanja na madanguro. George Washington Plunkitt, mmoja wao, alikaa kwenye kiti cha mng'arisha viatu mahakamani akifundisha watu tofauti ya ulaji wa halali na ulaji wa haramu, na hakuona haya. Kujua mapema bustani ya jiji itapita wapi ukanunua viwanja, kwake huo ulikuwa wa halali.

Bosi mwaka 1911 alikuwa Charles Murphy, mwenye baa, mtu asiyeongea. Hakuwa na wadhifa wowote serikalini. Waliokuwa na vyeo ni vijana wake wawili kule Albany, makao makuu ya jimbo: Robert Wagner, mzaliwa wa Ujerumani, kiongozi wa Seneti ya jimbo akiwa na miaka 33, na Al Smith, kiongozi wa walio wengi katika baraza la chini, aliyeacha shule akiwa mdogo baada ya baba kufa akaenda kufanya kazi soko la samaki la Fulton.

Baada ya moto, Aprili 2, mabwana na mabibi wa jiji walifanya mkutano Metropolitan Opera House. Huko ndiko mshonaji Rose Schneiderman alisimama akawaambia, kwa sauti ya chini, kwamba angekuwa msaliti kwa maiti zile kama angekuja kuongea habari za urafiki. Ninyi umma tumewajaribu, mmepungukiwa. Aprili 5 watu zaidi ya laki moja wakaandamana kwenye mvua kuwaomboleza waliokufa.

Ikaundwa kamati ya usalama ya watu wenye heshima zao. Wakaenda Albany kuomba gavana ateue tume ya watu bora. Wakakutana na Al Smith. Ushauri aliowapa, nautafsiri kwa ninavyouelewa, ulikuwa hivi: mkileta tume ya watu bora, ripoti itakuwa nzuri na itakaa kabatini. Wabunge hawapendi kufundishwa na watu bora. Tume iwe ya bunge lenyewe, wabunge wakae ndani yake, ndipo wataiona ni mtoto wao na watapigania ripoti yake.

Wakafuata ushauri. Juni 30, 1911 sheria ya kuunda Tume ya Uchunguzi wa Viwanda ikasainiwa. Mwenyekiti Wagner, makamu Smith. Gompers akawemo, na Mary Dreier wa umoja wa vyama vya wafanyakazi wanawake akawemo.

#8 Mchangiaji

Tume! Mkuu, tume tunazijua. Posho, semina, ripoti ya kurasa 400, kwaheri.

#9 Mleta uzi

Hahaa, subiri.

Kwenye tume hiyo alikuwepo mwanamke mmoja aitwaye Frances Perkins, miaka 31 wakati huo. Siku ya moto alikuwa anakunywa chai nyumba ya rafiki yake Washington Square, akasikia ving'ora, akakimbia, akafika watu wanaruka. Yeye ndiye aliyegundua kwamba ripoti hazimbadilishi mbunge, ila magoti yake yakichubuka atabadilika.

Basi akawabeba. Alimpeleka Smith alfajiri kwenye kiwanda cha kamba mji wa Auburn, akaone wanawake wakitoka zamu ya usiku ya saa kumi, wanarudi nyumbani kupika. Wagner akaambiwa apite mwenyewe kwenye tundu la ukutani lililoandikwa njia ya moto. Akatambaa. Nje akakuta ngazi ya chuma yenye barafu, inaishia hewani juu sana ya ardhi. Waliwaona watoto wadogo kabisa kwenye vibanda vya viwanda vya vyakula vya makopo wakimenya maharage na mama zao tangu alfajiri. Mwaka wa kwanza peke yake tume na wakaguzi wake walipita sehemu za kazi zaidi ya 1,800.

Na zaidi ya sheria 30 zikapita kufikia 1914. Milango isifungwe wakati wa kazi. Mabomba ya maji darini kwenye majengo marefu yenye wafanyakazi wengi. Mazoezi ya moto. Marufuku ya sigara. Vyoo. Viti vyenye egemeo kwa wanawake. Siku moja ya mapumziko katika saba. Wenye viwanda vya makopo walipotaka wasamehewe hiyo ya mapumziko, Smith alisimama bungeni akasema ameisoma amri ya kuitakasa Sabato na hajaona mahali ilipoandikwa "isipokuwa viwanda vya makopo".

#10 Mchangiaji

Naongezea upande wa sheria, maana mleta uzi kapita haraka. Kwa nini nyingi ya sheria hizi ziliongelea wanawake na watoto? Ni kwa sababu ya mahakama. Mwaka 1905, kesi ya Lochner, Mahakama Kuu ya Marekani ilifuta kwa kura 5 kwa 4 sheria ya New York iliyowawekea waoka mikate kikomo cha saa 60 kwa wiki. Hoja: mwoka mikate na tajiri wake wana uhuru wa kukubaliana. Mwaka 1908, kesi ya Muller ya jimbo la Oregon, mahakama ileile ikakubali kikomo cha saa kumi kwa siku kwa wanawake, baada ya Louis Brandeis kuwasilisha lundo la takwimu za afya. Kwa hiyo waliotaka mabadiliko wakapita mlango uliokuwa wazi. Hakuna aliyekuwa anaamini kwamba mwanaume hachoki.

Na kingine, hiki huwa kinanishangaza. Machi 24, 1911, siku moja kabla ya moto, mahakama ya rufaa ya New York ilifuta sheria ya jimbo ya fidia kwa walioumia kazini. Siku moja kabla! Ilibidi katiba ya jimbo irekebishwe ndipo fidia ikarudi 1914.

#11 Mleta uzi

Mkuu wa #10 umenisaidia sana, ya Machi 24 ilikuwa imenitoka.

Sasa kiini. Kisa cha mswada wa saa 54.

Perkins alikuwa anautembeza mswada wa kuweka kikomo cha saa 54 kwa wiki kwa wanawake viwandani. Mwaka 1912, usiku wa mwisho wa kikao. Wenye viwanda vya makopo walikuwa na wakubwa wao ndani ya Tammany, mchezo ukachezwa: lipitishwe toleo linaloviacha viwanda vya makopo nje, mama huyu atakataa kwa msimamo, mswada ufe, kila mmoja aseme alijaribu. Perkins alikuwa na maagizo kutoka kwa wakubwa wake, bila viwanda vya makopo tusikubali. Akapiga hesabu yake pale pale kwenye korido: wanawake laki kadhaa wapate leo, au wote wakose. Akasema naupokea.

Aliyembeba ni Timothy Sullivan, Big Tim, seneta wa Bowery. Huyu ni mtu wa kamari, mwenye kumbi za burudani, anayegawa viatu kwa walalahoi kila mwaka na chakula cha Krismasi kwa maelfu. Takrima ya waziwazi. Alimwambia Perkins kwamba dada yake alikuwa msichana maskini aliyeanza kazi mdogo, anawahurumia mabinti hao, angependa kuwatendea jambo. Akapiga kura yake ya ndiyo na binamu yake Christy naye, wakaondoka kuwahi meli ya usiku ya kushuka mto Hudson. Walivyotoka tu, wenzao wakabadili kura, mswada ukapungukiwa. Perkins akawapigia simu bandarini. Wakarudi, wanapanda kile kilima cha Albany kwa miguu mbio, Big Tim uso umemwiva, wakaingia ukumbini wanapaza kura zao. Ukapita.

Na Franklin Roosevelt, aliyekuja kuwa rais, alikuwa wapi? Alikuwa seneta wa jimbo humo humo, kijana wa familia kubwa, msafi, jina lake lilipanda kwa kupigana na Tammany mwaka 1911 kuhusu nani apelekwe Seneti ya taifa (wakati huo maseneta wa taifa walichaguliwa na mabunge ya majimbo, hadi marekebisho ya 17 ya katiba mwaka 1913). Perkins aliyekuja kumtumikia miaka 12 alikumbuka kwamba kwenye saa 54 Roosevelt hakuwa na msaada. Alimwona kijana mwenye pua juu. Msafi hakuwepo, mcheza kamari alipanda kilima.

Baadaye Perkins alikwenda kwa Murphy mwenyewe kuomba msaada wa sheria nyingine ya viwanda. Murphy akamuuliza, si wewe ndiye uliyepitisha ule wa saa 54? Akasema ndiye. Murphy akamwambia: niliupinga mswada ule. Lakini nimeona umetuletea kura nyingi. Nitawaambia vijana wakusaidie na huu. Kisha anamuuliza kama yeye ni wa wale wanaodai wanawake wapige kura. Ndiyo. Mimi sio, akasema Murphy, ila siku wakipewa, natumaini utakumbuka kwamba ungekuwa Democrat mzuri.

Kwangu mimi hayo ndiyo maelezo ya mageuzi ya New York kuliko hotuba zote. Bosi alikuwa na tatizo: mitaa ya Mashariki ya chini, ya Wayahudi na Waitaliano, ilikuwa inamponyoka kwenda kwa Wasoshalisti. Mwaka 1914 kweli Msoshalisti Meyer London alichaguliwa huko kwenda Bunge la taifa. Kuku wa Krismasi hakutosha tena. Mwaka 1917 kura ya maoni ya wanawake kupiga kura ilipokuja jimboni, Tammany ilikaa kando haikuipinga, ikapita, miaka mitatu kabla ya marekebisho ya 19 ya katiba yaliyowapa wanawake kura nchi nzima.

#12 Mchangiaji

Sikubaliani na mleta uzi. Unapamba mafisadi. Wakaguzi wa majengo waliopitisha zile ngazi mbili walikuwa wa nani? Polisi waliopiga mabinti wa mgomo walikuwa wa nani? Ukimchomea mtu nyumba kisha ukamletea ndoo ya maji, tusikupigie makofi. Na bila Schneiderman na Lemlich na watu laki moja kwenye mvua, Murphy asingeona kura yoyote. Sifa ziende kwa walioandamana.

#13 Mleta uzi

Wa #12 una hoja na siipingi kwamba wao ndio walioharibu. Hata jaji wa kesi ya Triangle alikuwa mtu wa Tammany. Na wizi haukuisha kwa sababu walipitisha sheria nzuri. Mwaka 1932 uchunguzi wa Samuel Seabury ulimfikisha Meya Jimmy Walker mahali pa kujiuzulu, mtu wa Tammany tangu ujana.

Ila jibu swali hili: maandamano yalikuwepo 1909, ya nguvu kabisa, yenye matajiri ndani yake. Sheria haikubadilika. Kilichoongezeka 1911 ni vifo 146 na mtu wa ndani ya mfumo aliyeona kwamba kukaa kimya kutamgharimu kiti. Walioandamana walileta bei, Murphy alilipa. Wale wasafi wa kamati walikuwa wameandika barua kwa gavana.

Tazama walikofika wale vijana. Smith akawa gavana mara nne, na 1928 Mkatoliki wa kwanza kugombea urais kwa tiketi ya chama kikubwa. Wagner akaenda Seneti ya taifa, sheria ya 1935 ya haki ya kuunda vyama vya wafanyakazi ina jina lake. Perkins akawa waziri wa kazi 1933 hadi 1945, mwanamke wa kwanza kwenye baraza la mawaziri la Marekani, chini ya yule yule kijana mwenye pua juu.

Big Tim hakuyaona. Alipatwa na ugonjwa wa akili, 1913 akawatoroka walinzi wake, akagongwa na treni. Maiti ikakaa siku kadhaa bila kutambuliwa katika jiji ambalo kila omba omba alikuwa amevaa viatu vyake, ikabaki kidogo izikwe makaburi ya wasio na ndugu. Polisi mmoja aliyekuwa zamu ndiye aliyemtambua.

#14 Mchangiaji

Nimesoma yote na kuna watu sijawaona. Weusi. Hiyo Marekani ya mageuzi si ndiyo hiyohiyo iliyokuwa inanyonga watu Kusini?

#15 Mleta uzi

Ndiyo hiyohiyo. Kwenye Triangle hutawaona kwa sababu viwanda vya blauzi karibu vyote havikuwaajiri. Wanawake weusi wa New York walikuwa wanafua na kupika majumbani mwa watu, na sheria ya saa 54 iliongelea viwanda. Kusini, majimbo yalikuwa yanamalizia kuwaondoa kwenye daftari la wapiga kura, na baadhi ya wanasiasa waliofanya hivyo walijiita wanamageuzi, eti wanasafisha uchaguzi. Mwaka 1913, mwaka ambao Albany inapitisha sheria kwa fungu, serikali ya Woodrow Wilson huko Washington ilikuwa inawatenga watumishi weusi ofisini, vyoo mbali na mezani mbali. Novemba 1914 mhariri William Monroe Trotter alimkabili Wilson uso kwa uso Ikulu kuhusu hilo. Wilson akachukia, akamwambia safari nyingine wenzake wakija waje na msemaji mwingine.

Na ukitumia kipimo changu cha kura, inaeleweka kwa nini. Mweusi wa Kusini hakuwa na kura ya kumtisha Murphy yeyote. Ndiyo maana sheria ya Wagner ya 1935, na ile ya kima cha chini ya 1938 ambayo Perkins aliihangaikia, ziliwaacha nje wafanyakazi wa mashambani na wa majumbani. Bila kura za maseneta wa Kusini zisingepita, na bei ya kura zile ilikuwa hiyo. Wa majumbani waliingizwa kwenye kima cha chini cha taifa mwaka 1974.

#16 Mchangiaji

Kwa hiyo Perkins alipokea toleo lililopunguzwa 1912, akapokea tena 1938. Mara ya kwanza tunamsifu, mara ya pili?

#17 Mleta uzi

Mara ya kwanza viwanda vya makopo vilibanwa mwaka uliofuata, tume ilikuwa bado iko kazini na Smith ndiye Spika. Mara ya pili wafanyakazi wa majumbani walisubiri miaka 36. Mimi mwenyewe 1912 ningesaini bila kufikiri mara mbili. Ya 1938 sijui ningefanya nini, na wa #12 najua atakuwa na jibu, karibu.